Chuo Mwaka Huu au Mwakani? Maswali ya Waliomaliza Kidato cha Sita

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukishaisha mwezi Mei, simu yangu haitulii mpaka Novemba. Nafundisha kidato cha tano na cha sita, na waliopita mikononi mwangu hunipigia kwa jambo moja lenye sura nyingi: mwalimu, niende chuo mwaka huu au nisubiri? Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Nimejibu kwa utaratibu wa Tanzania. Tarehe na viwango hubadilika, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na wa Bodi ya Mikopo wa mwaka wako.

## Kabla ya yote

Kuahirisha chuo ni kufanya nini hasa?

Watu huweka mambo matatu kwenye jina moja. Kuna asiyeomba kabisa. Kuna aliyeomba, akachaguliwa, halafu hakuripoti. Na kuna aliyejisajili, akahudhuria vipindi wiki kadhaa, kisha akaandika barua ya kuomba kusimama. Hao wawili wa mwanzo wataomba upya mwakani kama mtu mwingine yeyote. Huyo wa tatu tayari ni mwanafunzi wa chuo na ana taratibu zake, nimezieleza kwenye sehemu ya mwisho.

Yupo na wa nne, na kwa uzoefu wangu ndiye aliye mwingi kuliko wote: dirisha la maombi lilifungwa yeye bado anawaza. Huyo hakuahirisha, alipitwa. Tofauti yao unaiona mwaka unaofuata. Ukimuuliza aliyeamua kusubiri alikuwa anafanya nini, anakujibu kwa sentensi moja. Aliyepitwa anaanza na "unajua mwalimu, ilikuwa hivi…"

Nikikaa mwaka, matokeo yangu yataharibika?

Hayaharibiki. Cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hakina tarehe ya kuisha. Ukiwa na wani ya saba (daraja la kwanza, pointi 7) leo, mwakani ni wani ya saba vilevile. Kinachobadilika ni vilivyo nje ya cheti: sifa za kuingia kozi fulani zinaweza kupanda, waombaji wa mwakani wanaweza kuwa wamefaulu kukuzidi, na masharti ya mkopo yana hesabu yake ya miaka (tazama sehemu ya mkopo).

Nina muda gani wa kuamua?

Mdogo kuliko unavyodhani. Matokeo hutoka Julai kwa kawaida, na dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa papo hapo au muda mfupi baadaye. Hufuata la pili, wakati mwingine na la tatu. Vyuo vingi hufungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Maombi ya mkopo yana dirisha lake tofauti, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba kuomba chuo ni kuomba mkopo pia.

Ushauri wangu kwa kila anayesitasita ni huu: omba. Tangu 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo wanachokitaka, badala ya kupitia mfumo mmoja wa TCU kama ilivyokuwa awali. Unalipa ada ndogo ya maombi kwa kila chuo. Kuomba hakukufungi. Ukidahiliwa vyuo viwili au zaidi, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Ukidahiliwa kimoja, mtihani wako ni siku ya kuripoti na kujisajili. Kwa hiyo unaweza kuupeleka uamuzi mpaka Oktoba ukiwa na barua ya udahili mkononi, badala ya kuukamilisha Julai ukiwa huna kitu. Kusubiri wakati una nafasi ni uamuzi. Ukisubiri kwa kuwa huna nafasi, huna ulichoamua.

Niko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Huko nako ni kuahirisha?

Hapana. Mafunzo ya mujibu wa sheria, yaliyorudishwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa miaka ya tisini, ni ya miezi mitatu na kwa kawaida huisha kabla vyuo havijafunguliwa. Shida yake ni kwamba matokeo na madirisha vinakukuta kambini, na kambini simu hushiki kila saa. Kabla hujaondoka, mwachie mtu unayemwamini namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, nakala ya cheti cha kuzaliwa na orodha ya kozi unazozitaka kwa mpangilio. Mwachie na laini ya simu itakayopokea ujumbe wa chuo, kama huruhusiwi kuwa nayo. Nimeona binti mwenye ufaulu mzuri akiombewa ualimu na kaka yake, eti "ndiyo kozi niliyoikuta juu."

Kujiunga na JKT kwa kujitolea ni habari nyingine. Huko mkataba ni wa miaka, na anayeingia anatafuta njia nyingine ya maisha. Usilihesabu kama mapumziko kabla ya chuo.

## Kwa nini unataka kusubiri?

Sijui nisome nini. Je, hiyo ni sababu ya kutosha?

Kwangu mimi hii ni sababu nzito kuliko zote, ingawa nyumbani ndiyo inayodharauliwa zaidi. "Soma tu, mbele utajua" ni kauli iliyozalisha wahasibu wengi wasiotaka kuona risiti.

Angalia gharama zake. Ukianza kozi usiyoitaka kwa mkopo, ukaiacha mwaka wa kwanza, fedha iliyokwisha kutolewa ni deni lako. Na ukitaka mkopo tena kwa kozi mpya, miongozo ya Bodi imekuwa ikitaka urejeshe kwanza angalau asilimia 25 ya ulichopokea. Kwa hiyo aliyekurupuka anaweza kupoteza mwaka na mlango wa mkopo pamoja. Aliyesubiri kapoteza mwaka peke yake.

Lakini kutojua hakutibiwi na kukaa. Kama unasubiri ili ujue, ukajue mahali. Unawaza famasia? Kaa mwezi mzima kwenye duka la dawa la mtu mnayefahamiana, ufagie, upange boksi, usikilize wateja wanauliza nini. Sheria? Nenda mahakama ya mwanzo, kesi husikilizwa hadharani na hakuna atakayekuuliza umefuata nini ukikaa benchi la nyuma kwa adabu. Uhandisi ujenzi? Saiti zipo kila mtaa. Wiki tatu za vumbi zitakueleza mengi kuliko jina la kozi. Nina mwanafunzi aliyekwenda kubeba zege akitaka kuwa mhandisi, akarudi anataka ukadiriaji majenzi, yaani kupiga hesabu za vifaa na gharama za ujenzi, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na daftari pale saiti ndiye aliyemvutia.

Nimechaguliwa kozi niliyoiweka mwisho. Niikatae?

Jiulize kwanza kwa nini umeikosa ya juu. Kama ufaulu wako umezidi sifa za chini lakini nafasi zilijaa, dirisha linalofuata au mwakani panaweza kuwa na nafasi, hasa ukiomba vyuo vilivyo nje ya Dar es Salaam pia. Kama ufaulu wako uko chini ya sifa, mwakani hautapanda wenyewe. Hapo unarudia mtihani, unapita stashahada, au unakubali.

Kuna wanaoingia kwa mpango wa kuhama kozi wakishafika. Uhamisho upo na una kipindi chake mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, ila lazima uwe na sifa za kozi unayohamia na huko pawe na nafasi. Anayekwambia "ingia, utahama tu" muulize yeye alihama kutoka wapi kwenda wapi.

Nataka kurudia mtihani nipandishe alama. Inafaa?

Inafaa ukijua swali lipi lilikuangusha. Utasajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kinachotambuliwa, utafanya mtihani Mei pamoja na wenye shule, na matokeo yatatoka Julai. Usajili hufanyika miezi mingi kabla, kwa hiyo ukishaona matokeo yako Julai usingoje Krismasi ndipo uulizie.

Wa tahasusi (michanganyiko ya masomo) za sayansi wana mtihani wa ziada kabla ya mtihani wenyewe, nao ni maabara. Kemia, fizikia na baiolojia zina mitihani ya vitendo, na vituo vingine vya kujitegemea vina maabara ya jina tu. Uliza kabla ya kulipa: mwaka jana walifanya vitendo hapa hapa au walipelekwa shule nyingine? Kemikali ananunua nani? Mtu anayekujibu kwa kuzungukazunguka kakujibu.

Ukirudia, kwa maoni yangu usirudie ukiwa nyumbani bila mwalimu. Mwenye D ya kemia anayeahidi kujisomea kwa madaftari yaleyale, kitandani kwake palepale, mara nyingi hurudi na D yake. Kama umeikosa kozi unayoitaka kwa alama moja tu, soma kwanza jibu la stashahada huko chini.

Hela hakuna. Nikifanya kazi mwaka mmoja nitaweza kujilipia?

Tuhesabu. Kozi nyingi za vyuo vya umma ada yake inacheza kati ya shilingi 1,000,000 na 1,500,000 kwa mwaka, na za afya huzidi hapo. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, ada ya TCU ya ubora shilingi 20,000, michango ya chuo, nauli, godoro, chumba. Kijana aliyemaliza kidato cha sita akipata tempo (kazi ya muda) ya kufundisha au kuuza duka, akila na kupanda daladala kwa mshahara huohuo, hatabakiwa na ada ya miaka mitatu. Atabakiwa na kidogo.

Hicho kidogo nacho kina kazi yake. Kinakuvusha wiki za mwanzo kabla bumu halijaingia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapati fedha ya kujikimu siku anayoshuka kwenye basi. Mpaka asajiliwe, jina lake lithibitishwe, asaini. Katikati hapo ndipo watu hulala wanne kwenye kitanda cha mmoja na kunywa uji asubuhi na jioni. Kwa hiyo fanya kazi, ila ujue unatafuta nini: mtaji wa kuanzia. Ada yenyewe itafute kwenye mkopo, ufadhili au ukoo.

Nimechoka tu. Nataka kupumzika.

Pumzika. Mei mpaka Oktoba ni miezi mitano na hakuna aliyekuomba uitumie kwa chochote. Kwa wengi inatosha. Kama miezi mitano ya kulala haijakutoa uchovu, huenda si uchovu. Zungumza na daktari au mtu mzima unayemwamini kabla ya kuamua jambo la mwaka mzima.

Mama anaumwa na mimi ndiye mkubwa. Nitamwachaje?

Hili halina jibu la mwongozo. Ninaloweza kusema ni la kiutendaji: kaa na wajomba, mashangazi na wadogo zako mkubaliane kwa tarehe. "Nitabaki mpaka Juni, kuanzia hapo shangazi ataingia" ni mpango. "Nitabaki kwanza tuone" huwa na tabia ya kumgeuza mtoto mmoja kuwa muuguzi wa nyumba wakati wengine wanasonga. Na ukibaki, omba chuo na mkopo hivyohivyo. Gharama yake ni ndogo, na mambo hubadilika kabla ya Oktoba.

## Mkopo na ufadhili

Nikisubiri mwaka, Bodi ya Mikopo itanikataa?

Kwa mwaka mmoja, hapana. Miongozo ya hivi karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, na asizidi umri wa miaka 35. Kwa hiyo mwaka mmoja au miwili haikuondoi. Minne inakusogeza ukingoni, na hilo ndilo wanaosema "nitaenda nikijipanga" huwa hawalihesabu.

Mwaka wa kusubiri unaweza hata kukusaidia, ukiutumia kwa karatasi. Wengi hawakosi mkopo kwa utajiri, wanaukosa kwa nyaraka. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Baba amefariki lakini cheti cha kifo hakijawahi kufuatwa. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwajuma na cha shule ni Mwanajuma. Kaya iko TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, lakini mwombaji hana namba ya kaya. Vitu hivi havirekebishiki wiki ya mwisho ya dirisha, mnapokuwa watu sitini kwenye foleni ya stesheneri moja na mtendaji wa kijiji kaenda msibani. Katika mwaka mzima vinarekebishika.

Nimepata chuo lakini sijapata mkopo. Nisubiri?

Usisubiri kabla hujakata rufaa. Bodi hutangaza wapangiwa kwa awamu, jina likikosekana awamu ya kwanza linaweza kutokea ya pili au ya tatu, na baada ya hapo hufunguliwa dirisha la rufaa. Tatizo ni kwamba rufaa inakuja wakati masomo yameshaanza, kwa hiyo lazima uwe umejisajili. Hapo ndipo familia zinapochangishana: nusu ya ada, kusajiliwa, kungoja.

Kama hata nusu haipo, kusubiri ni busara, lakini kwanza uelewe kwa nini umekosa. Ukituma mwakani fomu ileile yenye kasoro ileile, utapata jibu lilelile.

Nimefaulu sana masomo ya sayansi. Ufadhili wa Samia utanisubiri?

Huo usiuchezee. Ulianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kwenye mtihani wa kidato cha sita wa mwaka husika na kudahiliwa kwenye kozi za fani zake. Unalipa ada na kujikimu, na si mkopo. Unafuata matokeo ya mwaka, kwa hiyo mwakani zamu ni ya wenzako. Ukiona jina lako kwenye orodha na bado unataka kusubiri, uwe na sababu ambayo ungeweza kuisimamia mbele ya bibi yako bila kuinamisha kichwa.

Naogopa deni. Si bora nisubiri mpaka niwe na hela zangu?

Mkopo wa Bodi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mtu aliyeajiriwa. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa ikifanya deni lisogee mbele kila ukilikaribia, iliondolewa mwaka 2021. Bado ni deni na utalilipa. Lakini kwa hesabu niliyoionesha kwenye swali la hela, "kuwa na hela zangu" kunaweza kuchukua miaka kumi.

## Mwaka wenyewe

Nifanye nini ili mwaka usipotee?

Kufundisha tempo ndiko kunakojulikana zaidi. Shule nyingi, hasa za binafsi na za kata zenye upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia, huchukua waliomaliza kidato cha sita. Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Nilijifunza kemia zaidi nikiieleza kwa watoto wa kidato cha pili kuliko nilivyoisoma miaka miwili ya "advance". Nilijifunza pia kwamba kama hujasaini karatasi, mshahara ni hadithi: shule ile ilinidai subira ya miezi miwili, na miezi ile miwili sijalipwa mpaka leo. Dai makubaliano ya maandishi, hata ya nusu ukurasa.

Kozi fupi za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) ni chaguo ninalolipenda kuliko linavyopendwa na wazazi. Umeme wa majumbani, ushonaji, udereva, upishi, kompyuta. Mtu akikwambia umeshuka hadhi, mwangalie mwanafunzi wa chuo anayejua kutengeneza simu anavyoishi bila kusubiri bumu.

Biashara ndogo inafaa ikiwa mtaji ni wako na hasara utaimudu. Bodaboda ya mkataba sishauri. Inakula mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu pikipiki inakuwa yako pale hasa ulipotakiwa kuondoka, na hutaondoka.

Nitawaambiaje wazazi?

Usiwaambie "nataka kupumzika mwaka". Baba aliyeuza ng'ombe ili ukasome tahasusi atasikia kwamba umeacha shule. Mpelekee mambo matatu: unasubiri nini, kitakuwa kimekamilika mwezi gani, na barua ya udahili au risiti ya maombi kuonesha kwamba mlango hujaufunga. Anza na yule mzazi anayesikiliza. Kama kuna mjomba au mwalimu anayeheshimika, mwombe awepo. Ukimwambia baba, "Shikamoo baba, nina jambo nimelifikiria na naomba ushauri wako," umeshafika mbali kuliko anayetangaza uamuzi mezani watu wanakula.

Je, kwa msichana ni tofauti?

Ni tofauti, na kujifanya si tofauti ni kumdanganya. Kijana wa kiume akikaa nyumbani mwaka anaitwa anayetafuta. Binti akikaa nyumbani mwaka anakuwa mpishi, mlezi wa watoto wa dada na, kufika mwezi wa nne, kuna mtu "wa heshima zake" ameanza kupita kusalimia. Hakuna aliyekaa kikao kumtoa chuo. Siku zinampangia kazi tu, na kazi za nyumbani hazina siku ya kuisha.

Kwa hiyo binti anayeniomba ushauri kuhusu kusubiri namuuliza kwanza: utakaa wapi na utatoka nyumbani saa ngapi? Kama ana tempo, kozi au kituo cha kurudia mtihani kinachomtoa asubuhi na kumrudisha jioni, sawa. Kama jibu ni "nitakuwepo tu nyumbani", namwambia achukue nafasi aliyoipata, hata kama kozi ni ya pili kwa mapenzi. Kwa kaka yake ningeweza kusema vingine.

Nitasahau nilivyosoma?

Utasahau, hasa hisabati. Kwa kozi za uhandisi, takwimu na uchumi, rudia kalkulasi wiki chache kabla ya kuripoti. Kwa nyingine, mwaka mmoja si kitu. Darasani utakuta watu wazima waliotoka kazini na wanashika nafasi za mbele.

## Hali za pekee

Nimeshathibitisha chuo lakini sitaki tena kwenda. Nifanyeje?

Kama udahili bado unaendelea, ingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo hicho au uende ofisi ya udahili uombe kufuta uthibitisho, ili jina lako lisibaki limefungwa pale. Usipofanya lolote na usiporipoti, nafasi haikusubiri. Barua ya udahili ni ya mwaka huo, na mwakani utaomba upya.

Nimeshajisajili na nimeanza vipindi. Naweza kusimama mwaka?

Vyuo vinaruhusu kuahirisha masomo kwa sababu maalumu kama ugonjwa, uzazi au matatizo mazito ya kifamilia, kwa maombi ya maandishi yenye vielelezo. Vyuo vingi havitakubali "sijaipenda kozi" kuwa sababu. La kuzingatia: usiondoke kimyakimya. Anayetoweka huhesabiwa aliyeacha masomo, na kurudi kwake ni kugumu. Aliyeahirisha kwa barua anarudi na namba yake ya usajili. Mwone afisa mikopo wa chuo pia kabla hujapanda basi, ili malipo yasimamishwe kwa utaratibu na yaendelee utakaporudi.

Sina sifa za shahada. Nisubiri, au nianze na stashahada?

Sifa ya chini ya jumla kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Kama huzifikii, au unazifikia lakini kozi unayoitaka inadai zaidi, stashahada chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) mara nyingi hushinda kurudia mtihani. Ni njia ndefu zaidi kwa miaka, ila kila mwaka unabaki na kitu mkononi, na kwa fani kama uuguzi, famasia na maabara inakupa kazi hata usipoendelea. Tangu 2023/24 Bodi imeanza kukopesha pia stashahada za fani za kipaumbele.

Chuo Kikuu Huria nacho kina programu ya msingi ya mwaka mmoja kwa waliokaribia sifa bila kuzifikia. Inamfaa mtu anayejisimamia. Ambaye hajawahi kusoma bila kengele ya shule ataona mwaka unateleza.

Nataka kuomba ufadhili wa nje ya nchi. Lazima nisubiri?

Mara nyingi kalenda yenyewe inakusubirisha. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi karibu na Januari 1 kwa wanaoanza Agosti au Septemba, na wewe wakati huo bado uko kidato cha sita. Asiyeomba akiwa shuleni anasubiri mzunguko ufuatao. Omba chuo cha nyumbani sambamba, kwa sababu ufadhili kamili wa nje ni wa wachache, na amua ukiwa na majibu yote mawili. Wakala anayeahidi nafasi kwa kutanguliza malipo ya "usindikaji" mwombe barua kutoka chuo chenyewe, kisha uandikie chuo hicho moja kwa moja uulize.

Nilisoma sekondari Uganda au Kenya. Kuna la kuzingatia?

Cheti chako kinahitaji ulinganifu wa NECTA kabla ya kuombea chuo hapa. Ufuatilie mara tu unapopata matokeo. Najua waliopoteza mwaka mzima si kwa kufeli wala kwa kuamua, ila kwa karatasi hiyo moja.

Imepita miaka mitatu tangu nimalize. Nimechelewa?

Kwa udahili, hapana. Kwa mkopo, hesabu mwaka uliohitimu na miaka mitano iliyotajwa juu: una raundi moja au mbili zilizobaki, kwa hiyo uhakiki wa RITA uanze wiki hii. Umri wako hautamshangaza mtu. Kinachowashinda wa miaka mitatu ni namba ya mtihani waliyoisahau. Rudi shule yako ya zamani, ofisi ya taaluma. Madaftari yale ya usajili huwa hatuyatupi.